Miaka Minne ya Rachid Mekhloufi

Wazee husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana yake waijua, msomaji: mtu akiingia uwanjani katika ngoma ya nyumbani kwao, jamaa zake humtunza fedha na leso, lakini mgeni hutazamwa tu, hata awe hodari namna gani. Methali hii ni ya kweli mara nyingi. Walakini yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yaliipindua juu chini. Alicheza ugenini akatunzwa sana. Kisha, ujana ukiwa ungali umemjaa miguuni, akaziacha tuzo zote akaenda kuwachezea watu wake mahali pasipokuwa na kombe wala nishani. Mtu huyo ni Rachid Mekhloufi, mfungaji mabao wa Algeria. Tumfuate hatua kwa hatua, tuone alitoa nini, na alipata nini.

Mekhloufi alizaliwa Agosti 12, 1936, katika mji wa Sétif, mashariki ya Algeria. Nchi hiyo ilikuwa imetawaliwa na Wafaransa tangu mwaka 1830, nao hawakuiita koloni bali sehemu ya Ufaransa yenyewe. Lakini mwenyeji wa kawaida hakuwa na haki sawa na za mlowezi. Tarehe 8 Mei, 1945, siku ile ile mataifa yaliposherehekea kushindwa kwa Ujerumani, watu wa Sétif waliandamana wakidai uhuru wao nao, na baadhi yao wakainua bendera ya Algeria. Polisi wakafyatua risasi. Ghasia zikaenea, Wazungu wapatao 100 wakauawa, kisha jeshi likalipiza kisasi kwa majuma kadhaa. Waalgeria waliouawa walikuwa maelfu, na wanahistoria hubishana juu ya hesabu yao mpaka leo. Wakati huo Mekhloufi alikuwa mtoto wa miaka 8. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana bila ya hili hutaelewa alilolitenda alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1954, akiwa kijana asiyezidi miaka 18, alivuka bahari akajiunga na klabu ya Saint-Étienne. Saint-Étienne ni mji wa Ufaransa uliojulikana zamani kwa machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya baiskeli na silaha. Watu wake walikuwa wafanyakazi wa mikono, nao waliupenda mpira kama chakula. Mwalimu wa timu, Jean Snella, alitambua upesi kwamba kijana huyu hakuwa mpigaji wa mpira tu. Alikuwa mwepesi, alikuwa na chenga za kumwacha mlinzi akitazama upande usiokuwa wake, na aliweza kuiona nafasi kabla haijafunguka. Kando yake katika safu ya mbele alikuwako Mwafrika mwingine, Eugène N'Jo Léa wa Kameruni, ambaye alicheza mpira huku akisoma sheria. Mwaka 1957 Saint-Étienne ikapata ubingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mabao ya vijana hao wawili yalikuwa nguzo ya ushindi huo.

Kwa kuwa sheria ilimhesabu Mwalgeria kuwa Mfaransa, Mekhloufi alichaguliwa pia kuichezea timu ya taifa ya Ufaransa, akavaa fulana yake mara 4. Alipoitwa jeshini kwa utumishi wa lazima, alikuwa katika timu ya jeshi la Ufaransa iliyoshinda mashindano ya dunia ya majeshi mwaka 1957 huko Buenos Aires. Hivyo basi, mwanzoni mwa mwaka 1958 mtu huyu wa miaka 21 alikuwa na kila kitu anachokitamani mchezaji: ubingwa, mshahara mzuri, jina kubwa, na matumaini ya kwenda Uswidi kucheza Kombe la Dunia mwezi wa Juni.

Lakini kwao kulikuwa kunawaka moto. Tarehe 1 Novemba, 1954, miezi michache tu baada ya yeye kufika Ufaransa, Chama cha Ukombozi wa Taifa, kilichojulikana kwa herufi FLN, kilianza vita vya kudai uhuru wa Algeria. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo hapa Kenya nasi tulikuwa chini ya Hali ya Hatari. Vita vya Algeria vilikuwa vikali mno: vijiji viliteketezwa, watu waliteswa, na pande zote mbili zilimwaga damu ya wasio na hatia. Hata hivyo, serikali ya Paris haikupenda kuita jambo hilo vita. Ililiita kazi ya kurudisha amani.

Hapo ndipo viongozi wa FLN walipofanya hesabu ya werevu. Mfaransa wa kawaida aliwajua wapigania uhuru kwa yale tu aliyoambiwa na magazeti yake, yaani kwamba ni majambazi wachache wa milimani. Lakini Mfaransa huyo huyo aliwajua kwa majina wachezaji Waalgeria wa klabu yake, akawashangilia kila Jumapili. Je, ingekuwaje kama siku moja wachezaji hao wangeondoka wote pamoja na kutangaza kwamba taifa lao ni Algeria? Nani angeweza kuwaita majambazi? Mtu mmoja aliyeitwa Mohamed Boumezrag, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji zamani, akapewa kazi ya kuwaendea wachezaji kwa siri, mmoja mmoja.

Ujumbe ulimfikia Mekhloufi kwa mdomo wa wenzake wawili, Mokhtar Arribi na Abdelhamid Kermali. Yeye hakuwa na muda wa kutafakari. Katika mechi ya tarehe 13 Aprili, 1958, aligongwa kichwani akapelekwa hospitali, na wenzake wakamfuata huko huko kumchukua. Wakaondoka kwa motokaa, wakavuka mpaka wa Uswisi kabla habari haijaenea, wakapita Italia, wakafika Tunis, mji mkuu wa Tunisia, nchi iliyokwisha kujitawala tangu mwaka 1956. Wengine walikuja kwa njia nyingine, akiwamo Mustapha Zitouni wa klabu ya Monaco, mlinzi wa timu ya taifa ya Ufaransa. Baadhi ya wenzao walikamatwa njiani. Siku chache tu zilikuwa zimebaki kabla ya mechi ya Ufaransa na Uswisi, na magazeti ya Paris yakajaa habari za wachezaji waliotoweka.

Pima sasa, msomaji, uzito wa hatua hiyo. Wachezaji wengine waliziacha klabu zao na mishahara yao. Mekhloufi aliacha na jeshi pia. Alikuwa bado askari katika utumishi, na askari anayetoroka wakati wa vita anajua kwamba akikamatwa atasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Isitoshe, aliwaacha watu wa Saint-Étienne ambao hawakumtendea ubaya wowote. Wengi wao waliona kwamba wamesalitiwa, na si ajabu. Hakuna njia ya kuondoka usiku bila kumuumiza mtu anayebaki. Mwezi wa Juni Ufaransa ikaenda Uswidi bila yeye. Ikapata nafasi ya tatu, na Just Fontaine, aliyezaliwa Marrakech nchini Moroko, akafunga mabao 13 katika mashindano hayo, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia tena katika Kombe la Dunia moja.

Huko Tunis ikaundwa timu ya taifa lisilokuwa bado na dola. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, halikuitambua, na nchi zilizokubali kucheza nayo zilitishiwa adhabu. Hata hivyo, timu hiyo ilicheza makumi ya mechi katika Afrika ya Kaskazini, nchi za Kiarabu, Ulaya ya Mashariki, na hata China na Vietnam ya Kaskazini. Kila ilipokwenda, ilitaka bendera ya Algeria ipandishwe na wimbo wake wa taifa upigwe kabla ya mchezo. Mambo hayo yalikuwa na thamani kuliko mabao. Lakini mabao nayo hayakukosekana: mwaka 1961, mjini Belgrade, waliifunga timu ya Yugoslavia mabao 6 kwa 1. Watu elfu nyingi ambao hawakupata kusoma hata ukurasa mmoja juu ya vita vya Algeria walijifunza uwanjani kwamba kuna nchi iitwayo hivyo, nayo ina watu wenye akili na nidhamu.

Sifa hizo zisitufanye tusahau hasara. Ujana ni moshi, ukienda haurudi; na ujana wa mchezaji wa mpira ni mfupi kuliko ujana wa watu wengine. Mwanasheria wa miaka 40 ndiyo kwanza anakomaa, lakini mfungaji mabao wa umri huo huwa amekwisha kutundika viatu. Miaka minne ambayo Mekhloufi aliitumia katika timu ya FLN ni ile ile ambayo mguu una nguvu na jicho lina wepesi. Hakuwa na ligi, wala pointi za kugombea, wala mpinzani wa kumnoa kila juma. Alicheza mechi za kirafiki tu, kwa posho ndogo, na mabao yake mengi hayamo katika vitabu rasmi vya hesabu. Kisu kisichonolewa hupata butu, naye alijua hivyo.

Vita vilisimamishwa mwezi wa Machi 1962, na tarehe 5 Julai mwaka huo Algeria ikapata uhuru wake. Kazi ya timu ile ikawa imekwisha. Mekhloufi akaenda Geneva, katika klabu ya Servette, ambako mwalimu wake wa zamani, Snella, alikuwa akifundisha. Kisha kabla ya mwaka kwisha ikamjia barua ambayo pengine hakuitarajia: Saint-Étienne walimtaka arudi. Klabu ilikuwa imeshuka daraja la pili.

Fikiri moyo wake ulivyokuwa siku ile alipoingia tena katika uwanja wa Geoffroy-Guichard. Katika vita vilivyokwisha majuzi, vijana wengi wa Kifaransa walikuwa wameuawa Algeria, na si ajabu kama baadhi ya wazazi wao walikuwa wamekaa pale pale wakitazama. Inasimuliwa kwamba uwanja ulinyamaza kimya. Kisha akapata mpira wake wa kwanza, akawapita walinzi kama zamani, na ile sauti ya shangwe ikarudi. Sitaki kukudanganya kwamba chenga moja hufuta vita. Lakini watu wale walikuwa wameona kwamba aliyewaacha hakuondoka kwa tamaa ya fedha, na mtu anayelipa gharama kwa ajili ya neno lake huheshimiwa hata na yule aliyeumizwa nalo.

Mwaka 1963 Saint-Étienne ikashinda daraja la pili, na mwaka 1964 ikawa bingwa wa Ufaransa. Ubingwa huo ikaupata tena mwaka 1967 na 1968. Mekhloufi sasa hakuwa na mbio za utoto, bali alicheza kwa ubongo, akiwagawia wenzake mipira kama baba agawavyo chakula mezani. Tarehe 12 Mei, 1968, katika fainali ya Kombe la Ufaransa, Saint-Étienne iliifunga Bordeaux mabao 2 kwa 1, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Aliyekabidhi kombe siku hiyo alikuwa Rais Charles de Gaulle, mkuu wa dola ile ile aliyoikimbia miaka 10 kabla. Inasimuliwa kwamba Rais alimpa mkono akamwambia kuwa Ufaransa ni wao.

Baada ya hapo alicheza Bastia, katika kisiwa cha Corsica, mpaka mwaka 1970, kisha akawa mwalimu wa mpira. Aliiongoza Algeria kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Mediterania ya mwaka 1975 mjini Algiers, ilipoifunga Ufaransa katika fainali. Pia alikuwa mmoja wa walimu wa timu iliyoishangaza dunia huko Gijón, Hispania, mwezi wa Juni 1982, kwa kuifunga Ujerumani ya Magharibi mabao 2 kwa 1. Fulana ambayo zamani FIFA haikuitambua sasa ilikuwa katika Kombe la Dunia, nayo ilishinda. Mekhloufi alifariki Novemba 8, 2024, mjini Tunis, mji ule ule alioukimbilia alipokuwa kijana, akiwa na umri wa miaka 88.

Basi turudi kwenye methali yetu. Je, mcheza kwao hutunzwa? Mekhloufi alipowachezea watu wake hakutunzwa leso wala fedha. Tuzo aliyoipata ilichelewa, nayo ilikuwa ya namna nyingine: alipata nchi ya kuitwa kwao. Huenda wewe hutapata kuwa mchezaji wa mpira, wala hutaombwa kuvuka mpaka usiku ukiwa na jeraha kichwani. Lakini kipaji fulani unacho, na miaka ya kukitumia ni michache kuliko uonavyo sasa. Siku itakuja utakapoulizwa, pengine na watu wawili wanaonong'ona kando ya kitanda chako, utakitumia kwa ajili ya nani. Swali hilo halingoji mtu apone kwanza, na ni vema ukaanza kulitafakari leo.