Ruth Bishop: Mtafiti aliyefichua kirusi cha kuharisha watoto

Na Mwandishi Wetu

KILA majira ya baridi yalipoingia, wodi za Hospitali ya Kifalme ya Watoto mjini Melbourne, Australia, zilijaa watoto wachanga wenye kuhara na kutapika. Madaktari waliwatundikia dripu, lakini mara nyingi maabara haikuona bakteria yeyote wa kulaumiwa.

Kitendawili hicho ndicho kilichomshughulisha Ruth Bishop, mtaalamu wa vijidudu aliyezaliwa mwaka 1933. Mwaka 1973, yeye na wenzake Geoffrey Davidson, Ian Holmes na Brian Ruck walichukua vipande vidogo vya utando wa utumbo mwembamba wa watoto tisa wagonjwa, wakavitazama kwa darubini ya elektroni. Kwa watoto sita kati yao, walikuta seli za utando huo zimevamiwa na virusi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la The Lancet. Mwaka uliofuata, Mwingereza Thomas Flewett alipendekeza virusi hivyo viitwe rota, neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kutokana na umbo lake.

Kirusi hicho hakichagui tajiri wala maskini. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa amekwisha kuambukizwa kabla ya kutimiza miaka mitano, na maji safi pekee hayakutosha kukizuia. Tofauti ilikuwa katika kifo. Mtoto wa Melbourne aliwahishwa hospitali. Wa kijiji kisicho na barabara wala zahanati alikaukiwa maji mwilini na kufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria vifo zaidi ya 450,000 vya watoto kwa mwaka 2008 pekee.

Njia ya kuelekea kwenye chanjo ilikuwa na mabonde. Chanjo ya kwanza, RotaShield, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, lakini ikaondolewa sokoni mwaka uliofuata baada ya kubainika kuwa huweza, ingawa kwa nadra, kusababisha sehemu ya utumbo kujiingiza ndani ya sehemu nyingine. Kwa Marekani, ambako watoto wachache sana walikufa kwa rota, uamuzi huo ulieleweka. Kwa nchi ambazo watoto walikuwa wakifa kwa maelfu, hesabu ilikuwa nyingine kabisa, na wapo wataalamu waliolalamika hivyo. Chanjo haikuzifikia.

Chanjo mbili mpya, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2006. Hata hivyo, majaribio ya Afrika yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kinga pungufu: Rotarix ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 Malawi, na RotaTeq kwa asilimia 39 katika Ghana, Kenya na Mali. Atakayezibeza tarakimu hizo akumbuke kuwa palipo na wagonjwa wengi, hata nusu ya kinga huokoa watoto wengi zaidi. WHO ilikwisha kupendekeza mwaka 2009 chanjo hiyo itolewe duniani kote. Tanzania iliizindua Desemba 2012, Kenya Julai 2014.

Bishop mwenyewe alikuwa akifuata njia nyingine. Yeye na wenzake waligundua kuwa baadhi ya watoto walioambukizwa rota wakiwa wachanga kabisa, wodini, hawakuugua, na baadaye walipoambukizwa tena hawakupata ugonjwa mkali. Ripoti yao ya mwaka 1983 ndiyo iliyozaa wazo la kutumia kirusi hicho cha wachanga kuwa chanjo, ambayo leo huitwa RV3-BB.

Faida yake ni kwamba dozi ya kwanza hutolewa ndani ya siku tano baada ya kuzaliwa, kabla kirusi hakijamfikia mtoto. Katika jaribio la Indonesia lililochapishwa mwaka 2018, watoto walioanza hivyo walikingwa dhidi ya ugonjwa mkali kwa asilimia 75 hadi umri wa miezi 18. Baadaye ilijaribiwa pia Malawi.

Mwaka 2013 Bishop alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Florey ya Australia. Alifariki dunia Mei 12, 2022, siku aliyotimiza miaka 89.