Ngome ya Mpala

Anayezuru mji wa kale wa Ulaya huonyeshwa kwanza ngome yake: kuta nene, minara, lango. Ni mara chache huambiwa nani alilindwa nazo, na nani aliziogopa.

Hapa Katanga pia swali hilo lipo. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alianzisha kituo chenye ngome huko Mpala, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwezi Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtawala aliyejulikana kwa biashara ya watumwa, wakamwua. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kilekile kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alifika mwaka 1887 kuwakinga wenyeji na wateka watumwa. Akaishi kando ya ziwa hilo hadi kufa kwake mwaka 1927.

Basi mahali pamoja palikuwa kimbilio kwa waliowindwa, na palitoka pia bunduki zilizomwua Lusinga. Wala kosa lake halihalalishi kichwa cha mwanadamu kugeuzwa kumbukumbu ya ushindi. Tunapozuru majengo ya kale, tuulize habari za wote wawili: aliyekaa ndani ya ukuta na aliyekuwa nje.