Jiwe la Mugere na Mti wa Chitambo

Msafiri atokaye Gitaza kwenda Bujumbura hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Mugere, lilipo jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wawili hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuuchunguza mto Rusizi, ambao waliukuta waingia ziwani wala hautoki. Wapiga makasia wao hawakutajwa jiweni.

Mwezi wa Mei 1873 Livingstone alifia Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake msituni, ndani ya kisanduku cha bati, chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright alisoma sala, kisha akachonga mtini jina la marehemu pamoja na majina matatu ya wenzake wa msafara. Maiti wakaichukua hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Mti ule haupo tena. Kipande chenye maandishi kilipelekwa London. Wainwright alijua kuandika, na kwa mkono wake Waafrika wale wakaingia katika kumbukumbu. Walimu wenzetu, tuwapelekapo wanafunzi Mugere, tuwafundishe kuuliza: ni nani hakuandikwa hapa?