Mkono Uliozoea Kulia

Bwana harusi alikuwa ameshainua kipande cha keki. Kidole changu cha shahada kikazungusha gurudumu lililo karibu na kitufe cha kupigia, kama kilivyozoea kwa miaka minane, ili kupunguza kasi ya shata na kuruhusu mwanga hafifu wa ukumbi uingie. Picha ikatoka nyeusi tii. Nilikuwa nimebana tundu la lenzi. MC, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akanistiri: "Ngojeni kwanza, kaka wa picha hajapata! Bwana harusi, mlishe tena!" Ukumbi mzima wa Kalangalala ukacheka, keki ikalishwa mara ya pili.

Kamera haikuwa na kosa. Ilikuwa Nikon, na mkono wangu ulikuwa bado wa Canon.

Geita tunajua kuhama. Mji huu, makao makuu ya mkoa uliozaliwa mwaka 2012, umejaa watu walioacha duara moja la dhahabu na kukimbilia jingine kwa kusikia tu kwamba kuna rashi ya wachimbaji. Mchimbaji akifika huko ndipo anagundua kuwa mwamba una tabia zake, na kwamba mazoea aliyokuja nayo ni mzigo. Mimi nilihama kwa sababu nyepesi zaidi: rafiki alikuwa anauza kamera na lenzi mbili kwa bei ambayo nisingeipata tena. Niliona lenzi. Sikuona kwamba nanunua pia desturi ya watu wengine.

Maana hizi ni desturi mbili kweli. Ukizitazama kamera kwa mbele, lenzi ya Canon hufungwa kwa kufuata mwendo wa saa, ya Nikon kwa kwenda kinyume chake. Pete ya fokasi nayo huzungushwa kuelekea upande mwingine. Kwenye kamera zao zenye magurudumu mawili, kasi ya shata inayoendeshwa na kidole cha shahada kwa Canon huendeshwa na kidole gumba kwa Nikon. Na Nikon za zamani zilikuwa na kituko kingine: kipimo cha mwanga kiliweka alama ya kujumlisha kushoto na ya kutoa kulia, kana kwamba kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Hapo ndipo nilipowakumbuka mababu wa pwani. Waswahili walikwisha kupita njia hii, na kwa jambo kubwa kuliko kamera. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kalamu ikianzia kulia. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa hivyo. Kisha wakaja wamisionari, Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Steere wa Unguja baada yake, wakaandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Shule na serikali za kikoloni zikafuata, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia hiyo. Kalamu ikageuzwa mwelekeo.

Ukilinganisha kuhama huku kuwili, la kwanza linalojitokeza ni kwamba kila chombo hubeba kitu na kuangusha kingine. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano. "Penda" na "pinda" zingeweza kuandikwa sawa, msomaji akaachiwa maana imwongoze. Kiarabu hakina hata p wala ch, ndiyo maana waandishi wa Mombasa walitumia alama za ziada. Kilatini kikaleta irabu zote tano waziwazi, lakini nacho kikaangusha lake: Mmombasa hutofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa wa porini, na tahajia sanifu haimwonyeshi msomaji tofauti hiyo.

Hati zote mbili, basi, zilikuta lugha ambayo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ndivyo ilivyo kwa kamera. Canon ilianza na kamera ya majaribio ya mwaka 1934 iliyoitwa Kwanon, jina la Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha wa Japani; Nikon ni mtoto wa kampuni ya vioo iliyoanzishwa mwaka 1917. Hakuna aliyekuwa akimfikiria bi harusi wa Kisukuma mwenye gauni jeupe chini ya taa za rangi. Upande wa filamu mambo yalikuwa wazi zaidi: kadi ambazo Kodak iligawa kwa maabara ili zipime rangi, maarufu kwa jina la Shirley, kwa miongo kadhaa zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Mpaka leo kipimo cha mwanga, kikikutana na gauni jeupe lililojaza fremu, huipa picha giza na uso wa bi harusi ukapotea. Kwa Canon nilikuwa nimejua kwa vidole ni hatua ngapi za kuongeza. Kwa Nikon nilianza upya, nikipinda chombo kigeni kimfae mtu wa kwetu, kama yule mwandishi wa Mombasa na nukta zake za ziada.

La pili ni namna ya kuuaga ukale. Nikon ilianzisha mdomo wake wa lenzi mwaka 1959 na kwa miongo mingi ikaukarabati mara kwa mara bila kuutupa; lenzi nyingi za enzi za filamu bado hukubali kukaa kwenye kamera zake za kidijitali za mdomo huo, ijapokuwa kwa masharti. Canon mwaka 1987 ilifunga mlango: mfumo mpya wa EF ukaja, na lenzi za zamani za FD zikabaki kabatini. Wenye lenzi hizo walilalamika, lakini mdomo mpya, uliowasiliana na lenzi kwa umeme tupu, ukawalipa kwa fokasi ya haraka. Kiswahili kilifanya yote mawili. Dola na shule zilifunga mlango kama Canon. Nyumbani watu wakauacha wazi kama Nikon, na barua za kifamilia na tenzi ziliendelea kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu wakati watoto wakisoma herufi za Kilatini darasani.

Huku Usukumani tuna desturi ya tatu, inayoonekana kupinga kuhama kabisa. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyowataja Ngika na Gumha kuwa waasisi wake, hushindana baada ya mavuno, kila upande na dawa zake na nyimbo zake. Mtu ni Mgika au ni Mgalu. Wapiga picha wa Canon na wa Nikon wakikutana kijiweni hubishana kwa moto uleule. Ila katika mashindano yale ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati. Mtazamaji ana miguu yake. Hahami chama, anahama tu mita hamsini kufuata raha. Ndivyo ulivyo ukumbi wa harusi. Hakuna mama wa bi harusi aliyewahi kuniuliza nembo iliyo juu ya lenzi. Huuliza, "Mwanangu, nimetoka vizuri?"

Basi uaminifu kwa chama ni wa mchezaji, hukumu ni ya umati. Hilo lilinipunguzia aibu ya kuhama. Halikunipunguzia gharama yake, ambayo niliijua baadaye.

Miezi saba baada ya keki ile, kijana niliyemwachia Canon yangu ya zamani alikwama na lenzi, akanipa nimfungulie. Niliishika kama mtu anayepokea mtoto wake. Nikabonyeza kitufe, nikazungusha. Haikutoka. Nikakaza zaidi, mpaka kijana akanigusa mkono: "Kaka, unakaza. Geuza huku."

Usiku ule nilifikiria wajukuu wengi wa pwani wanaotunza sandukuni barua za babu zao, zilizoandikwa kwa Kiswahili kilekile wanachokisema kila siku, na hawawezi kuzisoma bila kumwita mtu.

Sasa kila Jumapili huenda kwa yule kijana, tukabadilishana kamera kwa saa moja. Bado nakosea upande. Ila nakosea pande zote mbili sasa.