Ajali ya Treni Isiishie kwa Dereva

Asubuhi ya Juni 12, 1889, treni ya matembezi yenye watu wapatao 940, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili, iliondoka mji wa Armagh, Ireland, kwenda pwani ya Warrenpoint. Njiani kulikuwa na mwinuko, na injini ikashindwa kuupanda. Wasimamizi wakaamua kuikata treni: mabehewa ya mbele yavutwe kwanza, na 10 ya nyuma yasubiri yakizuiwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini iliporudi nyuma kidogo ili ipate kuondoka, ikayasukuma mabehewa yale, mawe yakasagika, na mabehewa yakaserereka hadi kuigonga treni nyingine iliyokuwa ikipanda nyuma yake. Watu 80 walikufa. Miaka 113 baadaye, Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 iliserereka kinyumenyume karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Misiba inayofanana hivi inatulazimisha kuuliza: ajali ya treni huchunguzwa kwa faida ya nani? Historia inaonyesha kwamba uchunguzi hupimwa kwa yale yaliyobadilika baada yake, wala haupimwi kwa idadi ya waliofungwa.

Wakati wa ajali ya Armagh, Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ireland, ilikuwa tayari na wakaguzi wa reli tangu mwaka 1840. Walitoka miongoni mwa maofisa wahandisi wa jeshi na hawakuwa waajiriwa wa kampuni za reli. Kwa miaka mingi walishauri mambo matatu: treni mbili zisiruhusiwe kuwa kwenye kipande kimoja cha njia, swichi za njia zifungamanishwe na ishara ili zisipingane, na treni za abiria ziwe na breki zinazojikaza zenyewe zinapokatika. Kampuni nyingi zililalamikia gharama. Meja Jenerali Hutchinson, aliyechunguza ajali ya Armagh, alionyesha kwamba breki za treni ile zilitegemea kuunganishwa na injini, hivyo yalipokatwa tu, mabehewa ya nyuma yalibaki na breki ya mkono peke yake. Treni iliyofuata nayo iliruhusiwa kuondoka kwa kuangalia saa, bila mtu yeyote kuhakikisha kuwa njia iko wazi. Kabla ya miezi mitatu kupita, Bunge lilipitisha sheria iliyoyafanya mambo yote matatu kuwa lazima. Ofisa aliyeamua treni ikatwe alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama halikuafikiana, na kesi iliporudiwa akaachiwa huru. Hakuna aliyefungwa, lakini reli za Uingereza hazikurudi tena kuwa zilivyokuwa.

Tulinganishe na ajali ya Quintinshill, Scotland, ya Mei 22, 1915. Waongozaji wawili wa ishara waliisahau treni iliyosimama mbele ya kibanda chao, wakairuhusu treni iliyojaa wanajeshi iingie kwenye njia ileile. Zaidi ya watu 220 walikufa, na wengi waliteketea kwa moto, kwa kuwa mabehewa yalikuwa ya mbao na taa zake zilitumia gesi. Waongozaji wote wawili walifungwa. Makosa yao yalikuwa ya kweli, na sheria haikuwaonea. Lakini hatari ya gesi ilijulikana mapema. Baada ya ajali ya Hawes Junction ya mwaka 1910, mkaguzi Meja Pringle alikuwa ameshauri taa za gesi ziondolewe, umeme uchukue nafasi yake. Hakuna sheria iliyozilazimisha kampuni kufanya hivyo, na mwaka 1928 abiria wengine waliungua huko Charfield katika treni iliyokuwa bado na taa za gesi. Gereza liliwaadhibu watu wawili, gesi ikabaki. Hapa tunajifunza pia kwamba ripoti nzuri isiyo na wa kuitekeleza haimkingi abiria.

Kuna watakaosema kwamba hoja hii inawakingia kifua wazembe, na kwamba waliofiwa wana haki ya kuona mtu akiwajibika. Haki hiyo wanayo, na polisi na mahakama zipo kwa kazi hiyo. Ninachopinga ni kuzichanganya kazi mbili. Fundi anayejua kwamba kila neno lake litamrudia kizimbani atanyamaza, na atakachokificha ndicho kitakachoua watu kesho. Katika ajali ya Clapham Junction, London, ya Desemba 12, 1988, iliyoua watu 35, chanzo kilikuwa waya mmoja wa zamani ambao fundi hakuukata wala kuufunga, ukagusa mahali usipotakiwa na kuizuia ishara isionyeshe taa nyekundu. Ingekuwa rahisi kumwandika fundi huyo kuwa mkosaji na kufunga jalada. Mwanasheria Anthony Hidden, aliyeongoza uchunguzi, aliendelea kuuliza, akabaini kwamba fundi alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba hakuna aliyeikagua kazi yake. Kutokana na uchunguzi huo, saa za kazi za mafundi wa reli ziliwekewa kikomo.

Linabaki suala la nani achunguze. Wahenga walituonya kuhusu kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Oktoba 5, 1999, watu 31 walikufa Ladbroke Grove, London, baada ya treni kupita ishara nambari SN109 ikiwa nyekundu. Ishara hiyo ilikuwa imeshapitwa hivyo mara nane tangu 1993, na chombo kilichopaswa kuisimamia reli ndicho pia kilichokuwa na kazi ya kuchunguza ajali zake. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi wa ajali hiyo, alishauri kuundwe chombo huru. Sheria ikatungwa mwaka 2003 na kazi ikaanza 2005: wachunguzi wanaosoma vinasa kumbukumbu vya treni, wanaopima reli na magurudumu, wanaowahoji wahusika na kuchapisha ripoti kwa umma, bila kumhukumu mtu.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Lakini Tanzania na Kenya tayari zina vitengo vya kuchunguza ajali za ndege, na utaalamu huo unaweza kupanuliwa hadi kwenye reli bila kujenga ofisi mpya kuanzia msingi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina kazi kubwa ya kudhibiti usalama. Isibebeshwe na mzigo wa kujichunguza. Tangu 2024 treni za umeme zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Bunge litunge sheria sasa, wakati hakuna msiba: mchunguzi awe huru, ripoti yake ichapishwe kwa Kiswahili, na kila aliyepewa pendekezo ajibu hadharani amelitekeleza lini. Hilo ni deni letu kwa watu 281 wa Igandu.