Ugani wa Vyuo Vikuu na Afya ya Vijijini Kusini mwa Marekani

Katika mijadala ya afya ya vijijini kusini mwa Marekani, ushirikiano wa vyuo vikuu vya majimbo jirani husifiwa kana kwamba kuunganisha nguvu ni tiba yenyewe. Sikubaliani na sifa hizo. Ushirikiano huo una maana pale unapomwezesha afisa ugani kudumu katika kaunti yake. Ukisimama juu ya ruzuku za muda, humnyang'anya kile kinachomfanya asikilizwe.

Tanzania na Kenya, bwana shamba ni mtumishi wa halmashauri au wa serikali ya kaunti. Marekani ni mtumishi wa chuo kikuu, ingawa gharama zake huchangiwa na serikali kuu, jimbo na kaunti. Ndivyo ilivyopangwa na Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914, iliyotegemea vyuo vilivyonufaika na Sheria ya Morrill ya 1862 (ile ya pili, ya 1890, ilizaa vyuo vya Weusi katika majimbo yaliyowabagua). Kwa kuwa nyuma ya afisa huyo wapo wataalamu wa lishe na wa sosholojia, afya haikuwa ngeni katika kazi yake: tangu mwanzo kina mama walifundishwa kuhifadhi vyakula na usafi wa nyumba.

Kwa nini basi majimbo yashirikiane? Kaunti ndogo ya Delta ya Mississippi haina uwezo wa kuajiri mtaalamu wake wa kisukari. Tangu 2010, zaidi ya hospitali 100 za vijijini nchini humo zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa, na Kusini ndiko kulikoumia zaidi. Hapo ndipo kinapofaa kituo cha maendeleo ya vijijini cha ukanda wa Kusini, chenye makao katika Chuo Kikuu cha Mississippi State (vingine vitatu viko Purdue, Penn State na Utah State): majimbo yanagawana wataalamu, mitaala na mafunzo. Afisa ugani mwenyewe hatibu mtu. Anajua nani ana gari, mchungaji gani anaheshimiwa, duka lipi linauza mboga, na ujuzi wa namna hiyo hauwezi kutumwa kutoka makao makuu.

Kaunti ya Macon, Alabama, inaonyesha uzito wa ujuzi huo na wa imani inayoambatana nao. Mwaka 1906 Thomas Monroe Campbell alianza kuzunguka humo na gari la kukokotwa, shule ya magurudumu, kutoka chuo cha Weusi cha Tuskegee, akiwa miongoni mwa maafisa ugani wa kwanza wa taifa hilo. Baadaye shule hiyo ilibeba pia muuguzi. Katika kaunti hiyo hiyo, mwaka 1932, idara ya afya ya serikali kuu ilianza kuwachunguza mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida. Uchunguzi ulikoma 1972. Hospitali ya chuo cha Tuskegee ilitumika katika uchunguzi huo. Njia iliyofunguliwa na mwalimu wa kilimo ilipitisha pia usaliti, na mwaka 2021, ugani ulipopewa fedha za kuelimisha watu kuhusu chanjo ya UVIKO-19, wapo waliokuwa bado wanaikumbuka Macon.

Watetezi wa ruzuku za ushindani husema kwamba fedha za mradi hulazimisha tathmini, nazo za kudumu hulea uzembe. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini tazama elimu ya lishe kwa wapokeaji wa msaada wa chakula, iliyoendeshwa na ugani katika majimbo mengi: sheria ya Julai 2025 ilikata fedha zake kuanzia Oktoba mwaka huo huo. Hakuna tathmini inayomrudisha mwalimu aliyekwisha kupata kazi mji mwingine.

Kuna pia suala la nani ashike mkoba. Mwaka 2023 mawaziri wa elimu na kilimo waliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo vya 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu. Vyuo hivyo ndivyo vyenye mizizi katika kaunti nyingi zenye wagonjwa wengi, ila katika maombi ya fedha huingizwa mwishoni, kama washirika wa kupamba orodha. Mgawo wa kanda ungepaswa kupitia kwavyo kwanza, kwa kanuni ya kudumu inayohesabu nafasi za kazi zilizojazwa katika kila kaunti badala ya idadi ya warsha.