Kipokezi: Istilahi Moja kwa Elimu Mbili

Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya elimu ya neva pamoja na yale ya kinga ya mwili hukabiliwa na swali moja zito. Je, ile sehemu ya seli inayonasa sumu, dawa au ujumbe wa kikemikali ipewe jina moja katika elimu zote mbili? Katika rasimu yetu ya kwanza tulijibu la. Upande wa neva tulipendekeza kihisio, na upande wa kinga kipokezi. Pendekezo hilo tumeliondoa, na sababu imo katika historia ya istilahi yenyewe.

Mwaka 1897 tabibu Mjerumani, Paul Ehrlich, akichunguza sumu ya dondakoo, alieleza kuwa seli ina minyororo ya pembeni ambayo kwa kawaida hunasa chakula. Sumu ikijibandika hapo, seli hutengeneza minyororo mingine kupita kiasi, nayo ile ya ziada huingia katika damu ikawa kingasumu. Mwaka 1900 Ehrlich alianza kutumia jina jipya, lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupokea.

Miaka mitano baadaye, huko Cambridge, John Newport Langley alikata neva ya msuli wa kuku, akangoja hata neva hiyo ikafa. Nikotini iliukaza msuli vile vile, na kurare ikauzuia usikazwe. Basi kinachopokea hakikuwa katika ncha ya neva, bali katika msuli wenyewe. Langley akakiita dutu pokezi. Ajabu ni kwamba Ehrlich, mwenye jina, ndiye aliyesita: alisema dawa za namna hiyo huoshwa zikatoka kwa urahisi mno, hivyo haziwezi kuwa zimeshikwa kama sumu. Alikubali mwaka 1907.

Baada ya hapo elimu hizi mbili zilikwenda kila moja na njia yake. Mwaka 1921 Otto Loewi alithibitisha, kwa moyo wa chura, kwamba neva ya vagasi hutoa kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa kuisisimua neva hiyo katika panya hupunguza protini inayochochea uvimbe. Mwaka 2003 wakaonyesha sababu: makrofaji, ambazo ni seli za kinga, zina kipokezi cha asetilikolini cha jamii ile ile inayoitikia nikotini. Panya wasio na kipokezi hicho hawakufaidika na msisimuo wa neva.

Kwa rasimu yetu ya kwanza, mfasiri wa habari hiyo angelazimika kutumia kihisio katika msuli na kipokezi katika makrofaji, na msomaji asingejua kuwa anasimuliwa undugu. Kipokezi, zaidi ya hayo, kina umbo la Kiswahili safi: lea hutupa mlezi, tembea hutupa matembezi, na pokea mapokezi. Kihisio tumekiachia sehemu za jicho, sikio na ngozi zinazopokea mwanga, sauti na mguso.

Bado iko njia ya ishara. Kwa kuwa neva nayo huitwa njia, tunawaomba wafasiri watumie kwa sasa mfululizo wa ishara kwa yale yatokeayo ndani ya seli baada ya kipokezi kuguswa.